Faili Hili Kaliacha Nani Hapa?

Waandishi wa programu ni watu wenye akili, sina ubishi. Watakuandikia mfumo wa malipo wa kuhudumia maelfu ya watu kwa mpigo, na wakueleze kwa nini haukwami. Sasa mwulize mmoja wao swali la chekechea: faili la mipangilio likae wapi? Utamwona anatazama dari. "Popote tu, kaka." Anayesema popote, ujue si yeye atakayelitafuta saa nane za usiku mteja akipiga simu.

Kazi yangu ni kufungasha programu za Linux. Mwingine anaandika, mimi natengeneza kifurushi cha Debian, kile chenye mkia wa .deb, ili mwenye seva atoe amri moja ya apt na programu iingie, ikae, ianze kazi. Haina sifa kazi hii. Programu ikienda, hongera kwa aliyeandika, ikigoma, "waulizeni waliofungasha." Vitegemezi nimezoea. Leseni nimezoea. Hata lile faili la orodha ya mabadiliko, linalonuna ukikosa kuacha nafasi mbili kamili kati ya barua pepe na tarehe, tumeshazoeana. Kinachonizeesha ni haya mafaili ya mipangilio: yale yanayoiambia programu isikilize poti namba ngapi, kanzidata iko seva gani, logi ziwe fupi au ndefu.

Juzijuzi nimeletewa programu, jina nalihifadhi, inayotafuta mipangilio yake katika folda ileile inamolala yenyewe. Yaani /usr/bin. Faili linaitwa config.json, basi, halina ukoo wala kabila, limekaa /usr/bin katikati ya grep na ls kama limealikwa. Nikamwendea kijana aliyeiandika, kijana wa heshima zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hili faili linafanya nini huku?"

"Mbona kwenye laptopu yangu linasoma vizuri tu?"

"Kwenye laptopu yako anaingia nani mwingine?"

"Hakuna, mimi tu."

"Na programu nyingine ikija na config.json yake, itakuwaje?"

Akafikiri kidogo. "Si tunaliita config2, mzee?"

Kwa taarifa yake, dpkg, ndiyo inayosakinisha kwa niaba ya apt, haina utani huo. Vifurushi viwili vikidai faili moja la njia moja, cha pili kinazuiwa mlangoni, usakinishaji unasimama, na mwenye seva anaachiwa ujumbe mrefu wa Kiingereza unaomfanya aamini mashine imekufa.

Na si kwamba hakuna kanuni. Ipo tangu Februari 1994, ilipotoka kwa jina la FSSTND. Baadaye ikaitwa FHS, na toleo lake la 3.0 lilitoka mwaka 2015. Inasema bila kuzunguka: mipangilio ya mashine husika inakaa /etc, na humo isiwekwe programu ya kutekelezwa. Programu za nyongeza zinazojitenga /opt, mipangilio yao iende /etc/opt. Unayojijengea mwenyewe chini ya /usr/local ina /usr/local/etc yake. Debian nao katika Sera yao wamekazia: mipangilio iwe /etc, alichobadilisha mwenye seva kisiguswe wakati wa apdeti, kifurushi kikiondolewa mipangilio ibaki, ifutwe pale tu mtu anapoamuru purge. Maandishi hayo hayachoshi kuyasoma. Sijakutana na mwandishi wa programu aliyeyasoma, lakini nimekutana na wengi wenye maoni kuyahusu.

Wasioelewa huwa nawaeleza hivi. Seva ni nyumba ya kupanga. /usr ni ya mwenye nyumba, yaani kifurushi: leo anapaka rangi koridoni, kesho anabadilisha bomba, haombi ruhusa. /etc ni chumba cha mpangaji, yule anayeiendesha seva. Humo kapigilia misumari yake, kageuza kitanda, na mwenye nyumba akitaka kuingia abishe hodi. Kwa hiyo ukiuliza faili likae wapi, umeuliza nani ana haki ya kulibadilisha bila kumwuliza mwenzake. Waandishi wa programu hulikwepa swali hilo, maana kulijibu ni kukubali kwamba kuna binadamu wa pili atakayeitumia programu yao.

Hodi ya Debian ni kitu cha kutazama. Kila faili lililotangazwa kuwa la mipangilio, dpkg inatunza alama yake ya MD5 kama lilivyokuja. Siku ya apdeti inalinganisha. Kama hujaligusa, inaweka jipya kimyakimya. Kama umeligusa wewe na kifurushi hakijalibadilisha, linaachwa. Mmeligusa wote wawili? Hapo inasimama na kuuliza. Y au I, weka la mfungashaji. N au O, baki na lako. D, onyesha tofauti. Z, fungua ganda la amri ukajionee. Usipochagua, ukabonyeza Enter tu, linabaki lako. Yaani wameweka kila kinga ambayo mtu mwenye busara angeweka.

Hawakumkadiria mtu anayebonyeza Y. Sisi tumelelewa kukubali. Ukimwuliza mtu swali refu la Kiingereza usiku, mtandao unakatika-katika, atajibu Y, kwa sababu Y ni ndiyo, na ndiyo haijawahi kumgombanisha mtu na mashine. Dada mmoja, anaangalia seva ya mteja wetu, alinipigia akiwa na hasira.

"Fundi, apdeti yenu imefuta kazi yangu yote! Programu inatafuta kanzidata kwenye localhost, na kanzidata haijawahi kuwa humo."

"Pole, dada. Ulipoulizwa ulijibu nini?"

"Niliulizwa nini?"

Nikaacha hilo. "Haijafutwa. Nenda /etc, ingia folda yetu, utaona faili lako la zamani limeongezwa mkia. Nukta, di-pi-ke-ji, kistari, old."

"Kistari cha juu au cha chini?"

"Cha kati."

Tulifika. Faili lilikuwepo, zima, na kila alichoandika. Angekuwa amejibu N, lingekuja letu pembeni na mkia wa .dpkg-dist, lake likabaki linafanya kazi. Na msidhani mikia ni ya Debian peke yake. Upande wa RPM, mfungashaji akiandika config(noreplace), lako linabaki na jipya linaitwa .rpmnew, akisahau ile noreplace, lako linasukumwa pembeni kuwa .rpmsave na jipya linakalia kiti. Arch wana .pacnew. Gentoo wao wanaanzia mbele, ._cfg0000_ kisha jina la faili, kama namba ya mfungwa. Kila ukoo na chale zake. Ingia /etc ya seva yoyote iliyokula chumvi uone mikia ilivyorundikana, hakuna anayethubutu kuifuta wala kuisoma.

Sasa hamisha fundi kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine. Apache kwa Debian anaishi /etc/apache2, na tovuti zake zina folda mbili, sites-available na sites-enabled, moja ya zilizopo na nyingine ya zilizowashwa. Kwa Red Hat huyohuyo anaitwa httpd na anaishi /etc/httpd. PostgreSQL ndiyo kabisa. Kwenye Debian 12 utaikuta mipangilio yake /etc/postgresql/15/main. Kwenye Red Hat iko /var/lib/pgsql/data, pamoja na data yenyewe. Ukiwasikiliza wenyewe PostgreSQL wana hoja: mashine moja inaweza kubeba makundi kadhaa ya kanzidata, na kila kundi linatembea na mipangilio yake. Debian wamejibu kwa kuandika namba ya toleo na jina la kundi ndani ya njia. Mimi niko na Debian, kwa sababu ya kivivu tu: nataka nikinakili /etc nijue nimenakili maamuzi yote ya mtu, bila kubeba na mizigo yake.

Lakini Debian haohao ndio walionipa php.ini mbili. Moja iko /etc/php/8.2/apache2, nyingine /etc/php/8.2/cli. Ya kwanza ni ya tovuti, ya pili ni ya amri za kwenye terminali. Nimemwona fundi mzima anapambana na picha za wateja zinazokataa kupanda kwa kuwa zinazidi megabaiti 2, kiwango ambacho PHP huja nacho. Kaongeza upload_max_filesize, kaandika php -i kwenye terminali, inamwambia 20. Anafungua kivinjari, picha inakataliwa. Anawasha Apache upya. Anawasha seva upya. Anaanza kuwashuku watu wa mtandao. Terminali haimdanganyi, inasoma faili lake, na Apache anasoma la kwake, na wote wawili wana haki. Ukitaka kumwokoa mtu wa namna hii, mwambie aandike php --ini, imtajie faili inayolisoma, kisha alitafute pacha wake.

Nikirudi kwa kijana wangu wa config.json, akapata wazo. "Mzee, kwani tusiweke kwenye home ya mtumiaji?"

"Mtumiaji yupi?"

"Anayesakinisha."

"Anayesakinisha ni root. Na programu itakapokuwa inakimbia itakimbia kwa jina la mtumiaji wake maalumu, ambaye hana home, hana ganda, hana hata nywila. Tuweke wapi?"

Kimya.

Na hata kwa programu za mtu binafsi, hiyo home tumeifanyia nini? Andika ls -a kwenye home ya mtu aliyetumia Linux miaka kadhaa. Utaona msururu wa majina yanayoanza na nukta, mengine ya programu alizozifuta zamani na hazikumbuki. Rob Pike, aliyekuwa Bell Labs, ameshaeleza ilivyoanza: walipotaka ls isionyeshe nukta moja na nukta mbili, yale majina ya folda yenyewe na ya mzazi wake, aliyeandika alifanya njia ya mkato, akaangalia herufi ya kwanza tu. Ikiwa nukta, ruka. Basi kila faili linaloanza na nukta likapotea machoni, na watu badala ya kulalamika wakaona pazuri pa kuficha. Tangu mwaka 2003 kuna mwongozo wa XDG unaosema mipangilio ya mtumiaji iende ~/.config, folda moja, nadhifu, na ile ya mashine nzima iende /etc/xdg. Wapo wanaofuata. Wapo wanaosema watafuata. Flatpak wao wamejijengea ~/.var/app. Snap ikaja na folda inayoitwa snap tu, bila nukta, imesimama katikati ya home ya mtu kama mgeni aliyevua viatu sebuleni, na watu wamepiga kelele miaka.

Wenye mawazo mapya wana dawa yao, na kwa kweli ni nzuri, ndiyo maana inaniudhi inavyotumiwa vibaya. systemd, ile inayosimamia huduma za Linux, iliposhika kasi ilileta utaratibu huu: ya msingi yanakuja na kifurushi, yanakaa /usr/lib, hayaguswi. Ukitaka kubadilisha, andika kifaili chako kidogo /etc, chenye ile mistari miwili mitatu unayoitaka, ndani ya folda yenye mkia wa .d. Andika systemctl edit, itakutengenezea override.conf yenyewe. Apdeti ikija, mwenye nyumba anabadilisha chake, chako kipo, hakuna hodi, hakuna Y wala N. openSUSE wamekwenda mbali zaidi, wana hadi /usr/etc ya mipangilio iliyoletwa na wasambazaji.

Tatizo ni kwamba kila programu iliyoiga utaratibu huo imeuiga kwa akili zake. Chukua sysctl.d: mafaili yanasomwa kwa mpangilio wa majina, na la mwisho ndilo linaloshinda. Kwa hiyo fundi akitaka neno lake liwe la mwisho analiita 99-yangu.conf. Vizuri. Fundi huyohuyo anakwenda sshd_config.d, anataka kuzuia watu wasiingie kwa nywila, anaandika 99-yangu.conf. Haifanyi kitu. Kwa nini? Kwa sababu sshd inashika thamani ya kwanza inayokutana nayo, zinazofuata inazipuuza. Na kwenye seva nyingi za kukodi za Ubuntu kuna 50-cloud-init.conf imeshatangulia kusema nywila ruksa. Hivyo hamsini inaishinda tisini na tisa, mlango uko wazi, na mtu wetu amelala usingizi akijua kaufunga. Kabla ya kulala angeandika sshd -T, ingemtajia mipangilio ilivyo kweli baada ya mafaili yote kusomwa. Hiyo amri naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Halafu twende sudoers.d. Huku jina la faili likiwa na nukta ndani yake, linarukwa. Halisomwi. Hakuna onyo. Umetoka kote ulikofundishwa kuweka .conf mwishoni, unafika huku unaandika wafanyakazi.conf, ukijiona umestaarabika, na hakuna mfanyakazi hata mmoja anayepata ruhusa. Ungeliita wafanyakazi, bila mkia, mambo yangekwenda. Aliyepanga hivyo alikuwa na sababu: vifurushi na programu za kuhariri huacha mafaili yenye mikia kama ile ya .dpkg-old, na hutaki sudo isome ruhusa za mwaka jana. Sababu nimeielewa. Hasira imebaki palepale.

Lawama moja ya mafundi wa zamani naikubali. Ukihamishia kila kitu /usr/lib, mtu anafungua /etc/programu-fulani anakuta folda tupu. Zamani alikuta faili lenye mistari mia tano ya maelezo, kila mstari umezimwa kwa alama ya reli, anachagua, anawasha, anaondoka. Siku hizi anakuta upepo. Kwa hiyo mimi vifurushi vyangu huwa naweka faili zima la mfano, lenye maelezo, chini ya /usr/share/doc, kwenye folda ya examples, mahali palepale Sera ya Debian inaposema. Wateja hawafiki huko. Lakini nikipigiwa simu nina pa kuwaelekeza.

Tukakubaliana na kijana. Ya msingi yaende /usr/share chini ya jina la programu, ya mteja yaende /etc chini ya jina hilohilo, na programu isome la kwanza kisha la pili. Nikaona mwanga. Ndipo bosi akapita.

"Mkuu, nataka wakati wa kusakinisha imwulize mteja nywila ya kanzidata, kisha iandike kwenye faili. Mteja asihangaike."

"Bosi, faili hilo tumelitangaza kwa dpkg kuwa la mipangilio. Sera inakataza hati zetu za usakinishaji kulibadilisha faili la namna hiyo. Tukiandika ndani yake, dpkg italiona limebadilika, na siku tukilirekebisha sisi, mteja ataulizwa kuhusu mabadiliko ambayo hakuyafanya."

"Atajibu Y."

"Ndiyo ninachokiogopa. Akijibu Y, nywila inakwenda na maji."

Akanitazama kama mtu anayekokotoa mshahara. Nikamweleza njia ipo: nywila ikae katika faili lake peke yake, lisilo la kifurushi, litengenezwe wakati wa kusakinisha, lisomwe na root na kundi la programu tu. Kuuliza maswali kunawezekana pia, debconf ipo kwa kazi hiyo, ila mteja anayesakinisha seva ishirini kwa hati moja hataki kuulizwa kitu. Anazima maswali yote, na nywila inabaki tupu.

"Basi tuweke nywila moja kwa wateja wote," akasema bosi. "Inakuja nayo ndani."

Nikamwomba aniandikie maelekezo hayo kwa barua pepe, kwa jina lake, na nakala kwa mwanasheria. Barua haijaja. Kifurushi kimetoka bila nywila yoyote, na kikishasakinishwa kinaandika mstari mmoja kwenye skrini, kwa Kiswahili: fungua /etc, folda yetu, faili linaloitwa siri, andika nywila yako, kisha washa huduma. Yule dada wa .dpkg-old ndiye aliyekisakinisha wa kwanza. Amepiga tena, anauliza kama faili la siri ni siri hata kwake.